Saturesheni iligoma kupanda nilipofungua halotheni: ni gesi kweli?

Swali: "Shikamoo dokta. Mimi ni nesi wa usingizi, hospitali ndogo huku Nyanda za Juu Kusini, tupo kama mita 1,700 toka usawa wa bahari. Wiki iliyopita tulipokea mzee wa miaka 58, utumbo umejiziba, inabidi tumbo lifunguliwe usiku huohuo. Bahati mbaya alikuwa na nimonia pafu la kulia chini. Kabla ya kumlaza saturesheni, yaani kiwango cha oksijeni kwenye damu, ilikuwa asilimia 94 na oksijeni ya puani. Tyubu ya kupumulia ikaingia, nikamwacha apumue mwenyewe kwa halotheni, ile gesi ya usingizi, nikafungua mpaka asilimia 2 maana alikuwa anajitikisa. Dakika kumi tu, 88. Nikaongeza oksijeni ya konsentreta (mashine inayochuja oksijeni toka hewani) toka lita 2 hadi 5, ikafika 91 ikagoma hapo. Mpasuaji akasema eti gesi za usingizi zinalegeza mishipa ya mapafu ndo maana, ningempa ketamini, ile dawa ya usingizi ya sindano. Mzee alitoka salama. Naomba unieleweshe kwa undani, ni kweli gesi inafanya hivo? Na je niachane nayo kwa wagonjwa wa mapafu?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumtoa mzee salama, usiku, na kamashine ulichonacho. Sasa kuhusu huyo mpasuaji wako, alichosema ni kweli. Ila kusema jambo la kweli na kumkamata mwizi mwenyewe ni vitu viwili tofauti, na mimi nikiangalia hadithi yako naona wezi watatu au wanne waliingia usiku ule, gesi kulegeza mishipa ni mmojawapo na wala sio yule mkubwa. Ngoja tuende taratibu, ni ndefu kidogo.

Anza na hili, mishipa ya mapafu haina akili sawa na mishipa ya sehemu nyingine mwilini. Ukibana damu mguuni, mguu ukakosa oksijeni, mishipa ya mguu inafunguka ili damu zaidi ije, si ndio? Mapafuni ni kinyume kabisa. Kile kifuko cha hewa kikikosa oksijeni, kamshipa kanakopeleka damu pale kanajibana. Na ukifikiria ina mantiki sana, maana damu haiendi mapafuni kula, inaenda kuchukua mzigo. Chukulia mapafu ni stendi ya daladala na abiria ndo oksijeni. Kituo kisicho na abiria, kwa nini upeleke gari pale likageuze tupu? Kwa hiyo kuna mpigadebe pale mlangoni anayerudisha magari, "huku hamna watu, zunguka kule". Huyo mpigadebe ndo hiyo kubana kwa mishipa ya mapafu kwa kukosa oksijeni. Vitabuni wanafupisha HPV, na naomba usichanganye na kile kirusi cha chanjo ya mabinti shuleni, maana nimeshawahi kusahihisha mtihani wa mtu aliyechanganya, akaandika kurasa mbili nzuri kabisa za shingo ya kizazi.

Jambo hili lilielezwa vizuri mwaka 1946 na Waswidi wawili, von Euler na Liljestrand, walikuwa wanafanyia kazi paka. Wakimpa paka hewa yenye oksijeni kidogo presha ya mshipa mkubwa wa mapafu inapanda, wakimrudishia inashuka. Huyo von Euler ndo baadaye, 1970, alipata Nobel, japo aliipata kwa kazi nyingine ya noradrenalini. Nataja paka kwa sababu karibu kila kitu tunachojua kuhusu gesi na mishipa hii kimetoka kwa paka, mbwa, panya na sungura, na hilo lina maana yake, nitalirudia.

Huyo mpigadebe anajuaje kwamba abiria hamna? Hapa ndo penye utamu. Anakaa ndani ya misuli laini ya vile vimishipa vidogo vyenyewe, hahitaji amri ya ubongo. Ndo maana hata pafu lililotolewa mwilini likaning'inizwa maabara linaendelea kujibana, na mtu aliyepandikizwa mapafu, neva zimekatwa zote, naye mishipa yake inajibana. Ndani ya seli zile mitokondria ndo zinaonja oksijeni. Oksijeni ikipungua kwenye kifuko, milango ya potasiamu kwenye ukuta wa seli inafungwa, umeme wa seli unabadilika, milango ya kalsiamu inafunguka, kalsiamu inamiminika ndani, msuli unakaza. Shika hilo neno kalsiamu. Inaanza ndani ya sekunde chache, inafika mahali pazuri kama dakika 15 hivi, alafu kuna awamu ya pili, inakaza zaidi polepole baada ya kama dakika 40 mpaka saa 2. Yaani mgonjwa mwenye pafu moja baya anaweza kuwa anaboreka kidogokidogo wakati wewe umekaa unaangalia monita unajisifu kwamba ni ile dawa uliyompa.

Na anayeonjwa zaidi ni oksijeni ya kwenye kifuko cha hewa, sio ile ya kwenye damu ya ateri, ingawa damu ya vena inayorudi mapafuni nayo ina sauti. Hii sauti ya damu ya vena ndo imewachanganya watafiti miaka mingi, subiri.

Haya, gesi sasa. Halotheni, isoflureni, sevoflureni, desflureni, zote zinalegeza misuli laini. Si unajua hata mwenye pumu tunapenda kumlaza na halotheni kwa sababu inafungua njia za hewa? Si unajua mama anayejifungua ukimzidishia gesi mfuko wa uzazi unalegea anatoka damu? Ni tabia ileile moja, gesi inavuruga kalsiamu ndani ya msuli laini, msuli unashindwa kukaza. Sasa mpigadebe wetu naye ni msuli laini. Ukimpa gesi anasinzia pamoja na mgonjwa, magari yanaanza kuingia kituo kisicho na abiria na kutoka matupu. Hiyo damu inayopita bila kuchukua oksijeni tunaiita shanti.

Kiasi gani? Hapo ndo kila mtu anataka namba. Kipimo chetu ni MAC, yaani kile kiwango cha gesi ambacho nusu ya watu hawatikisiki ukiwachana ngozi. Halotheni ni kama asilimia 0.75, isoflureni 1.15 hivi, sevoflureni karibu 2, desflureni 6. Mwaka 1984 walichukua mapafu ya panya wakayapitishia halotheni, isoflureni na enfluraini, wakakuta zote tatu zinapunguza ule mbano kwa nusu hata kabla hujafika MAC moja. Watu wakashtuka. Mwaka 1986 wakaja na mbwa, mbwa mzima mwenye moyo unaodunda, wakakuta isoflureni MAC moja inapunguza mbano kama asilimia 21 tu. Panya nusu, mbwa moja ya tano. Na wengine waliofanya kwa mbwa waliowekewa vipimo mwilini kabla, wakamlinganisha mbwa yuleyule akiwa macho na akiwa amelala, sevoflureni na desflureni zilionekana haziharibu mbano wowote wa maana.

Kwa nini zinapishana hivo? Hapa ndo ile damu ya vena inaingia. Pafu lililoning'inizwa maabara linapata damu kwa pampu, kiasi kilekile muda wote. Mgonjwa wako hana pampu ya maabara. Ukifungua gesi, moyo unapoa, damu inayosukumwa kwa dakika inapungua, mwili unazidi kunyonya oksijeni kwenye damu ileile ndogo, kwa hiyo damu ya vena inarudi mapafuni ikiwa na oksijeni kidogo zaidi. Na hiyo inamwamsha mpigadebe. Mkono wa kulia gesi inamlaza, mkono wa kushoto inamkung'uta aamke. Ukijumlisha unaona mabadiliko madogo, au huoni kabisa. Ukimpima mtu mzima mwenye moyo wake, athari halisi unaipata imefunikwa, na ndo maana sio sahihi kuchukua namba ya panya ukaibeba mpaka thieta.

Mfano ninaopenda kufundishia ni wa upasuaji wa kifua, tunapolaza pafu moja makusudi. Mgonjwa amelala ubavu, pafu la juu tumelifunga. Bila mbano, lile pafu la juu lingepata kama asilimia 40 ya damu yote, na yote ingepita bure. Mpigadebe akifanya kazi vizuri anaipunguza nusu, inabaki 20. Sasa weka isoflureni MAC moja, ile moja ya tano ya mbano imeondoka, shanti inatoka 20 inakuwa 24. Hiyo ndo bei. Asilimia 4 ya damu. Kwa mtu mwenye akiba huoni kitu kwenye kidole, kwa mtu aliye ukingoni unaona.

Haya tumrudie mzee wako. Pafu la kulia chini, tuseme kwa makadirio linapata robo ya damu, 25. Mbano ukiwa mzima linapata kama 12. Halotheni ya MAC moja ikiondoa moja ya tano ya mbano inakuwa 15. Wewe ulifungua 2, hiyo kwenye namba za kifaa ni zaidi ya MAC mbili na nusu, japo kwa dakika kumi kilichofika kwenye damu ni kidogo kuliko kinachosomeka. Basi tuseme mbano umepungua kwa nusu, ni 18 au 19. Yaani toka 12 hadi 19. Si kidogo, na ndo maana nasema mpasuaji hakukosea. Ila asilimia 7 ya shanti peke yake kumtoa mtu 94 hadi 88 huku oksijeni anapata, hapana, kuna wenzake.

Mwizi wa pili, na huyu kwangu ndo mkubwa, ni pafu kunywea. Mtu yeyote ukimlaza kwa nusu kaputi, misuli ya mbavu na kiwambo inalegea, kifua kinapungua ujazo, sehemu za chini za mapafu zilizo mgongoni zinajikunja. Waswidi tena, miaka ya 80, waliwapitisha watu wazima wenye mapafu mazuri kabisa kwenye siti skani mara tu baada ya kuwalaza, wakaona mistari ya pafu lililonywea karibu kwa watu 9 kati ya 10. Ndani ya dakika chache! Na mzee wako tumbo limejaa gesi na maji, kiwambo kimesukumwa juu, amelala chali. Kwa hiyo juu ya ile nimonia kaongezewa maeneo mengine mapya yasiyo na hewa, na kwa wakati huohuo mpigadebe wa hayo maeneo mapya amepewa halotheni. Unaona zinavyoshikana? Gesi yenyewe ndo imechangia kunyweza pafu na gesi hiyohiyo imemlaza anayetakiwa kurekebisha.

Sasa angalia kile kitu ulichokiona mwenyewe, saturesheni ilipanda 88 mpaka 91 ikagoma. Hiyo ndo sahihi ya shanti, imekuandikia jina kabisa. Damu inayopita kwenye vifuko vizuri ilishajaa, daladala imeshajaza mpaka konda ananing'inia mlangoni, ukileta abiria elfu pale kituoni haibebi zaidi. Na damu inayopita kwenye vifuko vilivyojaa usaha au vilivyonywea haikutani na oksijeni yako hata ukifungua lita 20. Zinachanganyika kushoto kwa moyo, unapata 91. Ile kupanda kwa 3 nayo ina maana, inakwambia kuna sehemu nyingine zilikuwa zinapata hewa kidogo, sio kwamba hazipati kabisa.

Na hizo ndo zinanileta kwa mwizi wa tatu. Ulimwacha apumue mwenyewe kwenye halotheni 2. Halotheni inazima kupumua, pumzi zinakuwa fupifupi za haraka, kaboni dayoksaidi inapanda, na ikipanda kwenye kifuko inachukua nafasi ya oksijeni. Dar hewa ya kawaida inakupa kama 100 milimita za zebaki kwenye kifuko. Huko kwenu mita 1,700 unaanza na kama 75. Kila kaboni dayoksaidi ikipanda kwa 10, unapoteza zaidi ya 10 ya oksijeni. Kwa hiyo huko juu hamna mto wa kuangukia, na ndo maana nawaambia watu wa Mbeya na Iringa na wenzetu wa Nairobi kwamba mbinu ya kumlaza mtu kwa hewa tupu na vaporaiza ya kuvuta (kile kifaa kinachochanganya gesi na hewa mgonjwa anapovuta pumzi), ambayo Tanga ungeweza kuponea, kwenu haina msamaha.

Kwenye mwinuko kuna kitu kingine cha kufurahisha kidogo, maana hujauliza lakini nitakisema. Kule Kilimanjaro, wale wanaopanda haraka wakajaa maji mapafuni, ni huyuhuyu mpigadebe amepagawa. Pafu zima halina oksijeni, anajaribu kufunga vituo vyote kwa pamoja, lakini hafungi sawasawa, pengine amefunga sana pengine kidogo, damu yote inasukumwa kwa presha kubwa kwenye vimishipa vichache vilivyobaki wazi, vinavuja. Dawa wanayopewa pamoja na oksijeni na kushushwa ni nifedipini, inayofunga milango ya kalsiamu. Ileile kalsiamu. Sasa fikiria mgonjwa wako wa nimonia mwenye presha ambaye wodini alikuwa kwenye nifedipini asubuhi na jioni, yeye mpigadebe alishalewa kabla hujamgusa. Naitrogliserini nayo hivohivo, na hata salbutamo ya kupulizia, umeshawahi kuona mtoto wa pumu anapewa nebulaiza kifua kinafunguka vizuri lakini saturesheni inashuka pointi mbili tatu mwanzoni? Ni hiyo.

Basi swali lako la pili, ketamini. Ketamini hailazi mpigadebe, hilo linajulikana. Na kuna la ziada ambalo mpasuaji hakulisema na ndo lina uzito zaidi: ketamini peke yake, mtu akipumua mwenyewe, haimlegezi misuli ya kifua, na walipowapitisha kwenye siti skani wengi wao mapafu hayakunywea. Ila, na hii ila ni kubwa, wakiongezewa dawa ya kulegeza misuli, mapafu yananywea kama kawaida. Kwa hiyo kama unafungua tumbo lililojaa, unampa ketamini pamoja na dawa ya kulegeza, ule uzuri wa kifua umeuacha mlangoni, umebaki na ule wa mishipa tu, zile asilimia chache. Sio bure, lakini sio muujiza anaodhani mpasuaji.

Vipi propofoli, ile dawa ya usingizi ya kwenye mshipa? Haigusi sana mbano huu, na kwa miaka mingi wataalamu wa kifua waliapa kwamba kwa pafu moja lazima dripu ya propofoli sio gesi. Majaribio kwa wagonjwa yalikuja na majibu yanayopishana, baadhi propofoli inashinda kidogo, na pale walipohakikisha wagonjwa wote wamelala kina kilekile kwa kupima mawimbi ya ubongo, tofauti ya oksijeni ikayeyuka. Alafu ikaja hadithi nyingine, Zurich mwaka 2009 walionyesha sevoflureni inapunguza uvimbe wa ndani wa pafu lililolazwa ukilinganisha na propofoli, watu wakageuka, gesi tena ikawa rafiki wa pafu. Wakafanya jaribio kubwa zaidi Uswisi, wagonjwa 460, desflureni dhidi ya propofoli, likatoka 2016, wakahesabu matatizo makubwa baada ya upasuaji: hakuna tofauti. Mimi binafsi nilishaacha kubishana na wenzangu juu ya hili. Mwenye gesi na atumie gesi.

Nikuambie lililonikuta nikiwa bado najifunza. Pafu moja limelazwa, saturesheni inashuka 93, 90, 86. Mimi nimetoka kusoma hizi habari za mishipa juzijuzi, kichwa kimejaa panya na mbwa, nikafunga isoflureni, nikamwomba nesi alete propofoli, nikawa namwelezea mpasuaji kwa madaha kabisa kuhusu kubana kwa mishipa. Mkubwa wangu akaingia, hakuniuliza swali hata moja, akashika bronkoskopu, ile kamera ya kuchungulia njia za hewa, akachungulia: tyubu imesogea sentimita mbili, imeziba tawi la juu la pafu zuri. Akaivuta. 97. Akaniangalia tu, akaondoka. Mpaka leo nikisikia mtu anaanza na gesi kabla hajagusa tyubu namsikia yule mzee anavyofunga mlango.

Kwa hiyo siku nyingine ukikutana na mgonjwa wa namna hii, mkono wa kwanza uende kwenye tyubu. Mtu mzima mwanaume, ukiona namba ya sentimita ya tyubu kwenye meno ni 25 au 26, huenda umeingia pafu la kulia, na pafu la kulia la mzee wako ndo bovu! Hiyo ingekuwa balaa, kila pumzi inaenda kwenye nimonia. Sikiliza pande zote mbili. Alafu nyonya makohozi, mgonjwa wa nimonia ana makamasi ya kutosha kuziba hata tyubu yenyewe. Mkono wa tatu uchukue begi, umpulizie pumzi kubwa taratibu, uishikilie sekunde kadhaa, kufungua yaliyonywea, huku jicho moja kwenye presha maana pumzi kubwa inabana damu kurudi moyoni na mgonjwa wa utumbo ulioziba amekauka tayari. Ukishafungua, weka PEEP ya 5, yaani presha kidogo inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi, yasinywee tena. Usiende 12 na 15 kwa tamaa, ukijaza sana pafu zuri unakandamiza mishipa yake na damu inakimbilia upande mbovu, umemsaidia adui.

Usimwache mtu wa hivo apumue mwenyewe kwenye gesi nzito. Mpe dawa ya kulegeza kama unayo, mpulizie wewe au mashine, na halotheni uishushe, 0.5 mpaka 0.8 hivi, maumivu uyafunike kwa pethidini au mofini au ketamini kidogokidogo. Hapo umepata kilicho kizuri kwa wote wawili, mbano umebaki karibu mzima na mgonjwa hana habari. Alikuwa anajitikisa kwa sababu hakuwa na dawa ya maumivu ya kutosha, nahisi, na halotheni haijui maumivu hata kidogo, unalazimika kuifungua mpaka moyo unalalamika. Ila na wewe usiende kinyume ukampulizia kwa fujo, kaboni dayoksaidi ikishuka sana nayo inalegeza ule mbano. Na mgonjwa aliyepoa, tumbo wazi kwa muda wa saa tatu, usiku wa baridi ya Julai huko kwenu, mpigadebe naye anaganda, mfunike.

Halafu presha na damu. Watu wengi wanasahau, ukiwa na shanti, oksijeni ya kwenye kidole inategemea sana damu ya vena ina oksijeni kiasi gani, maana hiyohiyo ndo inapita bure. Moyo ukiwa umepoa kwa halotheni, maji hayatoshi, hemoglobini 7, damu ya vena inarudi nyeusi tii, na hata shanti ileile ya asilimia 20 inakupa namba mbaya zaidi. Kuna siku saturesheni inapanda kwa maji nusu lita na kupunguza gesi, bila kugusa oksijeni kabisa.

Kwa mtu mzima mwenye pafu moja bovu na upasuaji unaoruhusu kumlaza ubavu, pafu zuri liwe chini, damu inafuata mvutano wa ardhi iende kwenye abiria. Kwa mtoto mchanga inaweza kuwa kinyume, usikariri. Na kwa mtu wa tumbo kama mzee wako hii haikusaidii thieta, inakusaidia wodini.

Kuna kundi moja ambalo nitakuomba ufikirie tofauti, wale wa valvu za moyo zilizobana kwa homa ya baridi yabisi, mabinti wa miaka 20 wanaokuja wajawazito, unawaona sana. Hao presha ya mapafu iko juu tayari na moyo wa kulia umechoka. Kwao oksijeni kushuka au kaboni dayoksaidi kupanda kunabana mishipa ya mapafu yote kwa pamoja na moyo wa kulia unaweza kusimama palepale. Gesi yenyewe kulegeza mishipa ya mapafu kwao sio tatizo, tatizo ni kwamba inaangusha presha ya mwili mzima. Na gesi ya naitrasi oksaidi, kama bado mnayo mitungi, kwa hao iwekeni pembeni, inapandisha presha ya mapafu. Hayo ni makala mazima, niulize siku nyingine.

Baada ya kufunga gesi, mbano unarudi ndani ya dakika, gesi inavyotoka na mpigadebe anaamka. Pafu lililonywea haliamki hivohivo, linaweza kukaa limekunjika siku nzima au zaidi, hasa aliyepasuliwa tumbo la juu na anaogopa kukohoa kwa maumivu. Kwa hiyo huyo mzee, kama bado yupo wodini, mwinueni kichwa, akilala ubavu alalie kushoto, apate dawa ya maumivu ya kutosha akohoe, na oksijeni ya puani isitolewe eti kwa sababu gesi ilishaisha. Na nijibu mambo mawili: tyubu ilikuwa namba ngapi kwenye meno, na hemoglobini yake ilikuwa ngapi?